Mcheza Kwao Hutunzwa: Mtoto Mwenye Usonji na Haki Yake ya Kucheza

(Mada iliyotolewa na Paroko katika semina ya viongozi wa walei)



Mmeniomba niseme juu ya haki za mtoto mwenye ulemavu. Mada hiyo ni pana kama bahari, nami sikusudii kuivuka yote asubuhi ya leo. Nimechagua pembe moja tu, ambayo huenda wengine wenu mtaiona ni ndogo mno kwa semina ya Haki na Amani. Nitasema juu ya mchezo. Nitasema juu ya mtoto mwenye usonji, na juu ya mashine moja ya kuchezea ambayo wengi wenu hamjapata kuiona. Nawaombeni mnivumilie hadi mwisho, kwa maana jambo lenyewe si dogo.

1. Kosa langu

Kabla ya kuwafundisha ninyi, yanipasa niseme kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, katika parokia niliyokuwa nikiihudumia wakati huo, palikuwa na mama aliyekuja kanisani kila Dominika na mwanawe wa miaka saba hivi. Mtoto yule hakuwa na maneno. Alikuja na kifuniko cha sufuria, akakaa chini karibu na benchi, akakizungusha sakafuni. Kifuniko kililia, kikayumba, kikalala. Naye akakiinua na kukizungusha tena.

Dominika moja nilikatiza mahubiri. Nikamtazama yule mama mbele ya watu wote, nikasema kwa upole ambao haukuwa upole: "Mama, mtoe mtoto nje apate hewa." Akatoka. Dominika iliyofuata hakuja, wala iliyofuata hiyo.

Nilipokwenda kumtembelea, miezi ilikuwa imepita. Nilimkuta mtoto amekaa pembeni mwa chumba akijigonga kichwa ukutani. Kifuniko kilikuwa juu ya kabati. "Nimemnyang'anya, Baba," mama akaniambia, "ili ajifunze kukaa kama watu." Hakunilaumu hata kidogo. Aliniletea kiti na chai. Amenipa ruhusa niwasimulieni haya, nami nimeyasimulia kwa sababu naamini kwamba katika ukumbi huu si mimi peke yangu niliyepata kumtoa mtoto wa namna hiyo nje.

2. Usonji ni nini?

Mwaka 1943 daktari Leo Kanner, aliyefanya kazi katika mji wa Baltimore huko Marekani, aliandika habari za watoto 11 aliowachunguza. Aliona kwamba watoto hao walifanana kwa mambo fulani: walikuwa kama wamo katika ulimwengu wao wenyewe, na walitaka sana mambo yabaki vilevile siku zote. Hali hiyo ndiyo tunayoiita usonji. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu mmoja kati ya kila watu 127 duniani alikuwa nao. Pigeni hesabu ya waamini wa parokia yetu, kisha mjiulize watoto hao wako wapi. Kama hatuwaoni, si kwamba hawapo.

Usonji si wa namna moja. Yuko mtoto asiyesema kabisa, na yuko asemaye mfululizo juu ya jambo moja alipendalo. Yuko atakayehitaji msaada maisha yake yote, na yuko atakayesoma, afanye kazi na kujitegemea. Lakini wengi wao wana mambo haya: mawasiliano na watu huwawia magumu, hupenda kurudiarudia tendo lilelile, hushika jambo moja kwa moyo wote, na hisi zao ni kali kuliko zetu, ama ni nzito kuliko zetu, hata sauti ambayo kwetu ni ya kawaida yaweza kuwa maumivu kwao.

Usonji hautokani na uchawi. Hautokani na laana ya ukoo, wala dhambi ya mama, wala chanjo. Ni tofauti katika ukuaji wa ubongo, na urithi una sehemu kubwa ndani yake. Wala tusidhani kwamba ni watu wasiosoma tu waliowatwisha akina mama lawama hii. Katika miaka ya 1960 huko Chicago, Bruno Bettelheim, mwalimu wa chuo kikuu mwenye sifa kubwa, alifundisha kwamba chanzo cha usonji ni ubaridi wa wazazi, hususan mama. Akina mama wengi walibeba mzigo huo bila hatia. Aliyesaidia sana kuuondoa alikuwa mwanasaikolojia Bernard Rimland, ambaye mwenyewe alikuwa baba wa mtoto mwenye usonji, kwa kitabu alichokitoa mwaka 1964. Basi tuwe na hadhari. Kumhukumu mtu kabla ya kumtazama ni ugonjwa unaowapata wasomi na wasiosoma sawasawa.

3. Mashine iliyohukumiwa bila kutazamwa

Mwaka uliofuata nilitumwa masomoni Kanada. Katika nyumba ya kufulia nguo, watu walipokuwa wakingojea nguo zao, niliona mashine inayoitwa pinboli. Ni kabati lenye miguu minne, na juu yake meza iliyofunikwa kwa kioo. Meza hiyo imeinama kidogo kumwelekea mchezaji. Mchezaji huvuta fimbo yenye springi na kuiachia, na mpira wa chuma wenye uzito wa gramu 80 hivi hurushwa hadi juu ya meza. Toka hapo mpira hutaka kushuka tu. Hugonga nguzo, hupita njia, huwasha taa, hupiga kengele, na kila mgongano huleta alama. Chini kabisa kuna vijikono viwili, ambavyo mchezaji huviendesha kwa vitufe vilivyo ubavuni mwa kabati. Akikipiga kijikono kwa wakati wake, mpira hurudi juu. Akichelewa, mpira hupita katikati na kupotea.

Mchezo huu ulianza kama ubao wa kawaida wa misumari. Mwaka 1871 Montague Redgrave, Mwingereza aliyekuwa akiishi Cincinnati huko Marekani, alipata hataza ya ubao wenye fimbo ya springi. Vijikono vilikuja baadaye, mwaka 1947, katika mashine iliyotengenezwa Chicago na kuitwa Humpty Dumpty. Kabla ya hapo mchezaji alirusha mpira na kusubiri uangukie pale ulipotaka wenyewe.

Kwa sababu hiyo wengi waliuona mchezo huu kuwa kamari. Mwaka 1942 Meya wa New York, Fiorello La Guardia, aliupiga marufuku, akapigwa picha akizivunja mashine kwa nyundo. Marufuku hiyo iliendelea kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka 1976 kijana mwandishi wa habari, Roger Sharpe, aliletwa mbele ya wajumbe wa baraza la jiji aoneshe kwamba mchezo huu ni wa ustadi. Alicheza mbele ya macho yao. Kisha akawaonesha njia ambayo mpira wake ungepitia, akavuta fimbo, na mpira ukapita njia ileile. Marufuku ikaondolewa.

Nawaelezeni hayo kwa sababu mbili. Kwanza, ili mtu yeyote asije akatoka hapa akisema kwamba Padre amesifu zile mashine za kamari ambazo vijana wetu huziita dubwi. La hasha! Dubwi humla kijana fedha na kumwachia deni. Tuendelee kuipiga vita. Pinboli haimrudishii mtu fedha. Humpa zamu ya kucheza na alama tu. Pili, ili tujifunze kwamba kitu kinaweza kuhukumiwa miaka 30 na zaidi kwa sababu tu hakuna aliyekubali kusimama kando yake na kutazama. Kama ni hivyo kwa mashine, sembuse mtoto?

4. Robert Gagno

Huko Kanada ndiko nilikooneshwa filamu juu ya kijana mmoja wa mji wa Burnaby, katika jimbo la British Columbia. Jina lake ni Robert Gagno, na filamu yenyewe, iliyotolewa mwaka 2016, inaitwa Wizard Mode. Robert aligunduliwa kuwa na usonji alipokuwa mtoto mdogo. Alipokuwa na umri wa miaka mitano hivi, aliona mashine ya pinboli katika duka la chakula, na tangu siku hiyo ikawa ndiyo furaha yake.

Wazazi wake wangeweza kufanya kama yule mama wa parokia yangu alivyofanya baada ya mimi kumwaibisha. Wangeweza kusema kwamba mapenzi haya ya taa na mpira ni sehemu ya ugonjwa, na kumwondolea. Hawakufanya hivyo. Walimwachia acheze, na baadaye wakanunua mashine nyumbani. Baba yake alisafiri naye kwenda mashindanoni. Kwa njia hiyo kijana ambaye mazungumzo na watu yalimwia magumu alijikuta katikati ya watu waliopenda kile alichokipenda yeye. Mwaka 2016, katika mashindano ya dunia yaliyofanyika karibu na mji wa Pittsburgh huko Marekani, Robert Gagno alikuwa bingwa.

Filamu haiishii katika ubingwa. Inamwonesha kijana huyu akitaka yale ambayo kila kijana huyataka: kupata kazi, kuwa na marafiki, kujitegemea zaidi. Pinboli haikumwondolea usonji. Ilimpa mahali pa kusimama pamoja na wengine.

5. Kwa nini mchezo huu huwafaa baadhi ya watoto hao?

Tukichunguza, tutaona sababu nne.

Kwanza, mashine ina kanuni zisizobadilika. Nguzo iliyotoa alama 100 jana itatoa 100 leo. Kwa mtoto anayeona nyuso na maneno ya watu kuwa fumbo linalogeuka kila siku, kitu kinachotimiza ahadi yake ni pumziko.

Pili, mchezo huruhusu kurudia, na kurudia ndiko kunakoleta ustadi. Tabia ileile ambayo nyumbani huitwa usumbufu, hapa huitwa mazoezi.

Tatu, mchezo hufundisha kungoja. Watu hadi wanne huweza kucheza kwa zamu, na kwa kawaida kila mmoja hupewa mipira mitatu. Mpira wangu ukipotea, nasogea kando, wewe unasimama. Tena wachezaji husimama bega kwa bega wakitazama meza, bila kulazimika kutazamana machoni, jambo ambalo wengi wa watoto hawa huliona gumu. Urafiki unaanza ubavuni.

Nne, mchezo hufundisha kiasi. Ndani ya kabati mna timazi dogo, kama lile la fundi mwashi, linaloning'inia katikati ya pete ya chuma. Mchezaji akilisukuma kabati kidogo, mashine humvumilia. Akilitikisa kwa hasira, timazi hugusa pete, vijikono hukosa nguvu, na mpira ule umepotea. Hakuna aliyemkaripia mtoto wala kumpiga. Amejifunza mwenyewe kwamba hasira ina gharama.

6. Tahadhari

Hata hivyo, hatuna budi kusema ukweli wote. Si kila mtoto mwenye usonji atapenda mchezo huu. Taa zinazowaka na kuzimika, pamoja na kelele zake, zaweza kumtesa mwenye hisi kali. Huyo asilazimishwe. Mwingine atapenda gololi, mwingine bao, mwingine kupanga mawe, mwingine kuhesabu magari ya abiria yanayopita. Siwaambieni mtafute mashine ya pinboli. Nawaambieni mtazame kile ambacho mtoto tayari anakipenda.

Aidha, mchezo si dawa. Yeyote atakayewauzieni mchezo, mafuta au maombi ya malipo kwa ahadi ya kuondoa usonji, mkimbieni. Mtoto ahitaji pia walimu waliofundishwa, mazoezi ya kusema kwa anayeyahitaji, na daktari anapougua kama watoto wengine.

Tena, tusimthamini mtoto kwa sababu tu aweza kuwa bingwa. Robert Gagno ni mmoja. Watoto wengi hawatashinda kombe lolote, kama vile wengi wetu humu tusivyoshinda. Mtoto anayezungusha kifuniko na asijue kufanya zaidi ya hapo ana hadhi ileile, na nafasi ileile kanisani na barazani.

7. Ubao wa misumari

Niliporudi kutoka masomoni nilipangiwa parokia ileile kwa muda. Nilikwenda kwa yule mama, nikamwomba msamaha. Kisha nikamwomba anirudishie kifuniko juu ya kabati, nikakaa sakafuni, nikakizungusha. Mtoto aliacha kujigonga, akaja akakichukua mkononi mwangu. Hakunitazama. Alikizungusha, na kilipolala, alikisukuma kuja kwangu. Hiyo ilikuwa zamu yangu.

Baadaye tulimwendea fundi seremala wa kigango. Alichukua ubao wa kipande cha mlango, akaupigilia misumari kwa mistari, akazungushia kingo za mbao, akafunga vipande vya mpira wa baiskeli kati ya misumari ili gololi iruke ikigonga, akaweka kipande cha mbao chini ya upande mmoja ili ubao uiname. Hakuna umeme, hakuna taa. Kwa hakika tulikuwa tumerudi karibu na ule ubao wa zamani. Gharama ilikuwa misumari nusu kilo. Mbao na gololi tulipewa.

Mtoto aliukubali baada ya juma la tatu. Dada yake mdogo, ambaye hapo awali alikuwa akimwogopa, alikuja kutazama, kisha akaomba gololi. Wakacheza kwa zamu. Watoto wa majirani walikuja pia, maana ubao ule ulikuwa mmoja tu mtaani, na mwenyewe alikuwa yule ambaye hawakumwita jina isipokuwa jina baya. Siku ile wakalijua jina lake.

Wazee wetu walisema: mcheza kwao hutunzwa. Nami nawauliza, ndugu zangu: kwao mtoto huyu ni wapi, kama si nyumbani kwake, mtaani kwake na parokiani kwake?

8. Hili ni jambo la haki

Msiende mkasema kwamba Padre ametuomba tuwe na huruma. Huruma ni njema, lakini leo nasema juu ya haki. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unataja katika kifungu cha 31 haki ya mtoto kupumzika na kucheza. Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unataka katika kifungu cha 30 kwamba watoto wenye ulemavu washiriki michezo sawa na wenzao. Na Sheria yetu ya Mtoto ya mwaka 2009 inaitaja haki ya kucheza na kupumzika katika orodha moja na chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Anayemfungia mtoto chumbani ili wageni wasimwone amemnyima haki. Nasi tunaomfanya mama aone aibu hata amfungie, tumeshiriki.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kila jumuiya ndogo ndogo iwatembelee wazazi wenye watoto wa namna hii, si kwa kuwaombea na kuondoka, bali kwa kukaa na mtoto. Mafundi wetu wa parokia watengeneze ubao mmoja kwa kila kigango. Na wakati wa Misa, mtoto akilia, akizunguka au akipiga kitu, mtu yeyote asigeuze shingo.

Mtoto yule niliyewasimulieni alirudi kanisani pamoja na mama yake. Ubao wake hukaa nyumbani; kanisani huja na kifuniko. Bado kinalia. Mpaka siku nilipohamishwa, nilikuwa nimezoea kusimama katikati ya mahubiri, nikingoja kilale, kisha nikaendelea.



Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Je, katika mtaa wetu kuna mtoto ambaye hatujapata kumwona nje? Tunajua jina lake?
2. Ni maneno gani tunayotumia juu ya watoto hao na mama zao, ambayo yatupasa tuyaache?
3. Kila mzazi aseme: mwanangu anapenda kitu gani kuliko vyote? Je, nimewahi kukaa chini na kukifanya pamoja naye?
4. Katika jumuiya yetu, ni nani ana mbao, ni nani ana misumari, na ni nani ana nyundo?